Kwa nini kijani cha mashamba hugeuka tope

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Lushoto. Tangu niache kazi nimekuwa nikijifunza mwenyewe kuchora mandhari ya kijijini kwa rangi za maji: matuta ya maharage, migomba, nyumba za bati na milima iliyo nyuma yake. Penseli hainisumbui. Tatizo huanza ninapopaka rangi, maana kijani chote kinakuwa kimoja, na kadiri ninavyorekebisha ndivyo picha inavyozidi kufanana na tope. Nimebadilisha brashi mara mbili bila mafanikio. Kosa langu liko wapi?"

Shikamoo, Mwalimu. Nimezitazama kwa muda mrefu picha tatu ulizoambatanisha na swali lako, na jambo la kwanza ninaloweza kukuhakikishia ni kwamba brashi hazina hatia. Katika picha ya pili kuna mlima mdogo upande wa kushoto, juu, ambao inaonekana uliupaka mara moja kisha ukausahau kwa sababu akili yako ilikuwa kwenye bonde. Mlima huo ni safi, una hewa ndani yake, na karatasi inang'aa kupitia rangi. Chini yake bonde lilelile, lililopakwa kwa rangi zilezile na siku ileile, limerudiwa mara tatu au nne, na ndilo lililogeuka tope. Kwa hiyo jibu la swali lako tayari umelichora mwenyewe, na kazi yangu ni kueleza tu kilichotokea kati ya mlima ule na bonde lile.

Rangi ya maji ni chembe ndogo sana za rangi zilizoshikamanishwa na utomvu uliokauka wa aina fulani ya mgunga, utomvu ambao kwa sehemu kubwa huvunwa Sudan. Ukiongeza maji, utomvu huyeyuka na chembe hutawanyika juu ya karatasi zikiwa zimeachana, ili mwanga upenye katikati yake, ugonge weupe wa karatasi na kumrudia mtazamaji. Weupe huo ndio taa ya picha nzima. Unapopitisha brashi tena juu ya tabaka ambalo halijakauka sawasawa, unazing'oa chembe za kwanza, unazichanganya na za pili, na kuzisukuma zijaze mianya iliyokuwa ikipitisha mwanga. Ukirudia mara ya tatu na ya nne, taa imezimwa, na hapo hakuna rangi utakayoongeza itakayoiwasha.

Ninashuku kwamba mazoea ya kurudia umeyatoa kwenye rangi za posta tulizotumia shuleni, ambazo hufunika kilicho chini yake. Hata picha za Tingatinga, ambazo Edward Saidi Tingatinga alianza kuzichora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, zinafuata kanuni hiyo ya kufunika: unapaka mandhari ya nyuma yote, unasubiri ikauke, kisha unaweka ndege mweupe juu ya anga jeusi bila wasiwasi. Katika rangi za maji ndege mweupe huyo hawezi kuwekwa mwishoni, kwa kuwa weupe wake ni karatasi ambayo hukuigusa tangu mwanzo. Mtu akibadilisha aina ya rangi bila kubadilisha mpangilio wa kazi, tope haliepukiki, hata awe hodari wa kuchora kiasi gani.

Kabla sijafika kwenye kijani chenyewe, niseme neno fupi kuhusu karatasi. Kwenye picha ya kwanza ninaona nyuzi zimesimama pale uliposugua, jambo linalonifanya niamini kwamba unatumia manila. Manila ni nzuri kwa mabango ya darasani, lakini hunywa maji papo hapo, rangi huzama badala ya kukaa juu, na sehemu iliyokunjamana hutengeneza vidimbwi ambavyo hukauka kwa madoa. Tafuta karatasi maalumu ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na ikiwezekana iwe ya pamba, kwa sababu hiyo huwekewa kinga inayoizuia isinywe rangi haraka. Ni ghali, sikatai. Hata hivyo karatasi moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76 hukatwa vipande vinane vya sentimita 19 kwa 28, na kwa mtu anayejifunza, kipande cha ukubwa huo kinatosha kabisa. Kibandike juu ya ubao kwa selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, pande zote nne. Kama fedha ni za kubana, nunua karatasi nzuri na ubaki na brashi zako za zamani.

Sasa tuje kwenye wakati wa kugusa na wakati wa kuacha, jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu ingawa ndilo linaloamua kila kitu. Tabaka la rangi ya maji lina hali tatu. Mwanzoni linang'aa kama sakafu iliyodekiwa sasa hivi, na wakati huo unaweza kuongeza rangi nyingine ndani yake ikaenea kwa upole, kama ukungu unavyoingia bondeni. Mwishoni limekauka kabisa, na hapo unaweza kupaka tabaka jipya juu yake bila kulisumbua, mradi upitishe brashi mara moja na usisugue. Katikati kuna hali ya tatu, pale mng'ao unapofifia na karatasi kubaki na unyevu usioonekana vizuri, na hiyo ndiyo inayoharibu kazi za wanaoanza, kwa sababu ndipo mkono huwasha na mtu kuona kasoro anayodhani anaweza kuirekebisha. Ukigusa wakati huo kwa brashi yenye maji mengi kuliko karatasi, maji mapya huyasukuma yale ya zamani hadi pembeni, na yakikauka huacha doa lenye kingo zilizochongoka kama ua la koliflawa. Ukisugua ili kuliondoa doa, umeshafungua mlango wa tope.

Namna ya kutambua kwamba karatasi imekauka ni kuigusa kwa mgongo wa mkono. Ikiwa bado ni ya baridi, maji yanaendelea kutoka, hata kama macho yanakuambia ni kavu. Lushoto, hasa asubuhi zenye ukungu, utasubiri muda mrefu kuliko ndugu yako anayechora Dodoma, ambaye shida yake ni ya upande wa pili kabisa: rangi humkaukia kabla hajafika mwisho wa anga. Usijaribu kuharakisha kwa kuiweka picha juani. Ondoka, nenda kanywe chai, kwa sababu mtu aliyeketi mbele ya picha yenye unyevu akiwa na brashi mkononi ataigusa tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu picha ya soko la Soni, yenye lori la kabichi na akina mama wakipanga matenga, ambayo hadi saa nne asubuhi ilikuwa kazi yangu bora ya mwaka ule. Nilirudi kwenye kivuli cha lori mara tano kwa sababu kilionekana chepesi. Hatimaye niliipeleka picha bombani na kuiosha, na hata baada ya kuoshwa kivuli kile kilibaki.

Kivuli kile kilionekana chepesi, na nilikosea kwa kusahau kwamba rangi ya maji hukauka ikiwa hafifu kuliko ilivyo mbichi. Ndiyo maana mchoraji mwoga hulazimika kurudia. Tabaka la kwanza liwe na nguvu kuliko unavyodhani linahitaji, na ulipime kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile, ukiliacha likauke ndipo uhukumu. Katika jambo hili napenda kuwaonyesha wanafunzi picha ya John Sell Cotman, Mwingereza aliyechora daraja la mto Greta huko Yorkshire mnamo mwaka 1805 hivi, na ambayo imehifadhiwa British Museum. Mawe, miti na mlima vyote ni vipande bapa vya rangi iliyotulia, kila kimoja kikikaa kando ya mwenzake bila kusumbuliwa, na jicho linaridhika kabisa ingawa hakuna jani hata moja lililochorwa.

Sasa kijani. Ndani ya visanduku vingi vya rangi kuna kijani kilichokwisha tengenezwa, cha baridi na kikali kama chupa ya soda, na kwenye picha zako ninakitambua kila mahali. Kwenye kichupa cha rangi bora, pembeni au nyuma, huandikwa alama ya rangi halisi iliyomo. Kijani hicho ni PG7. Kina kazi zake, lakini sijawahi kuona mmea wenye rangi hiyo kikiwa peke yake, na mchoraji anayekitumia kwa migomba, maharage, mikaratusi na mlima kwa pamoja lazima apate kijani kimoja. Kifunike kwa kipande cha selotepu kwa miezi mitatu, Mwalimu, na kijani chote ukitengeneze mwenyewe kwa buluu mbili, manjano mbili na kahawia moja.

Buluu ya kwanza ni ultramarini, PB29, ambayo imeegemea upande wa wekundu kidogo. Ya pili ni buluu ya thalo, PB15, iliyoegemea upande wa kijani. Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri nzima ya jambo hili. Wekundu na kijani huuana, kwa hiyo ultramarini, ikiwa na wekundu wake wa chinichini, itakupa kijani kilichotulia, kilichofifia kidogo, kama cha majani yaliyokomaa. Thalo pamoja na manjano ya limau itakupa kijani kikali cha jani la mgomba linalofunguka. Tumia thalo kwa hadhari, kwa maana tone lake moja hushinda matone matatu ya rangi nyingine. Manjano ya pili ni oka, yaani rangi ya udongo wa manjano, ambayo ikichanganywa na ultramarini hutoa kijani cha nyasi za Januari na cha vilima vya kati. Kahawia ni siena iliyochomwa, PBr7, ambayo kwa bahati njema inakaribiana na udongo mwekundu wa barabara zenu. Ukitaka kijani chochote kiwe kizito zaidi, ongeza siena kidogo badala ya nyeusi, na kama unataka kivuli cha kijivu, changanya siena na ultramarini pekee. Rangi nyeusi ya kwenye kisanduku huua kijani mara moja. Kwenye picha yako ya tatu imeingia chini ya migomba, na pale ndipo jicho linapokwama.

Sheria ninayoishika ni kwamba mchanganyiko mmoja usiwe na zaidi ya rangi tatu halisi. Hapo zile alama zina faida kubwa, kwa kuwa kichupa kimoja kinaweza kuwa na alama tatu ndani yake, na ukichanganya vichupa viwili vya namna hiyo tayari una rangi sita, ambazo kwa pamoja hazina jina jingine ila tope. Rangi za bei nafuu za watoto zina tatizo la ziada, maana mara nyingi hujazwa unga mweupe unaozifanya ziwe nzito na zisipitishe mwanga. Afadhali vichupa vitano vidogo vya rangi nzuri kuliko kisanduku cha rangi ishirini na nne. Kwa paleti, sahani nyeupe ya kauri inafaa kuliko vibao vingi vinavyouzwa. Uwe na makopo mawili ya maji, moja la kusafishia brashi na jingine la maji safi ya kuchanganyia, na kipande cha khanga kuukuu, kwa sababu pamba iliyofuliwa mara nyingi hunyonya maji kuliko kitambaa kipya.

Hata hivyo, mapishi ya rangi hayatakusaidia sana ikiwa utaendelea kuchora kijani unachokijua badala ya kile unachokiona. Akili inatuambia kwamba mimea ni ya kijani, nasi tunaitii. Fanya jaribio hili: chuma jani la mharage, linyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, fumba jicho moja, na ulilinganishe na mlima ulio ng'ambo ya bonde. Utashangaa kuona kwamba mlima si wa kijani. Ni wa buluu iliyochanganyika na kijivu, kwa sababu kati yako na mlima kuna kilomita kadhaa za hewa yenye unyevu na vumbi. Ukienda pale Irente wakati wa kiangazi na kutazama tambarare iliyo chini, utakuta imekaribia zambarau, ingawa kila mtu anajua kuwa kule kuna vichaka na mashamba ya mkonge. Umbali hupatikana kwa namna hiyo: kijani chenye manjano na nguvu kiwe karibu, kilichofifia kiwe katikati, na mbali kabisa usiweke kijani, au weka kidogo mno.

Mgomba nao ni darasa zima. Jani linaloangaziwa kutoka juu huakisi anga, kwa hiyo mgongo wake ni wa kijivu chenye buluu na pengine mweupe kabisa. Jani ambalo jua liko nyuma yake hupitisha mwanga na kuwa la manjano yenye kijani, kali kuliko kitu kingine chochote shambani. Na jani kuukuu linaloning'inia kando ya shina ni siena tupu. Hapo una rangi tatu katika mmea mmoja. Ukizipaka zikiwa bado zinang'aa kwa maji, zikutane zenyewe kwenye kingo, hutahitaji kuchora mishipa ya jani. Bati la nyumba iliyo nyuma yake usilipake kijivu, kwa maana saa mbili asubuhi bati huwa kioo cha anga: liache jeupe, upake tu pale lilipopata kutu na chini ya upenu, na kijani kinacholizunguka ndicho kitakacholichora.

Saa za kazi pia zina uzito wake. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata jua la utosini kwa sehemu kubwa ya siku. Mnamo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri ya Lushoto, mti hauna kivuli cha kutajika zaidi ya kile kilicho chini ya matawi yake. Mwanga wa namna hiyo hufanya bonde zima liwe bapa, na kijani chote kiwe kimoja kweli, hata machoni. Chora kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, wakati kila tuta lina upande wa mwanga na upande wa kivuli. Wewe mwenyewe kaa kivulini, pamoja na karatasi yako. Jua likiipiga karatasi moja kwa moja, weupe wake hukutia kiwi, unapaka rangi nzito ili uweze kuona, na ukiingia nyumbani unakuta picha imekuwa ya usiku.

Kwa bonde lile la picha ya pili, ambalo ninapendekeza ulirudie, ningefanya hivi. Kwanza ningechora kijipicha cha ukubwa wa kiganja kwa penseli, chenye viwango vitatu tu vya mwanga na giza, huku nikiwa nimefumba macho nusu ili majani yapotee na vibaki vipande vikubwa. Kisha ningepaka anga, na kabla halijakauka ningeushusha mlima wa mbali ndani yake kwa ultramarini hafifu yenye tone la siena. Baada ya chai, mteremko wa kati kwa ultramarini na oka katika tabaka moja, nikibadilisha kiasi cha oka kadiri brashi inavyoshuka, na matuta nikiyaacha kama mistari myembamba ya karatasi tupu. Baada ya chai ya pili, migomba ya karibu kwa thalo na manjano ya limau. Mwisho kabisa, giza chini ya migomba na ndani ya mlango wa nyumba, kwa siena na ultramarini nzito, kwa miguso isiyozidi kumi, nikiihesabu. Kila sehemu imepakwa mara moja, au mara mbili pale tu kivuli kinapohitajika. Ukiona kasoro baada ya hapo, iandike pembeni kwa penseli na uirekebishe kwenye karatasi nyingine siku nyingine. Kila kitu kikifanyika kwenye kipande cha sentimita 19 kwa 28, hasara yake ni ndogo.

Manila zilizobaki usizitupe. Zinafaa kwa vile vijipicha vya penseli, na pia kwa kutengeneza jedwali la kijani: buluu mbili upande mmoja, manjano mbili upande wa pili, kila mchanganyiko katika viwango vinne vya maji, kisha safu ileile ikiongezwa siena. Litundike ukutani karibu na dirisha, na kabla ya kuanza picha mpya, toka na jani lako la mharage uje ulitafute kwenye jedwali hilo.